Mwili Umetoka Zamu, Kichwa Kimebaki Wodini

Saa mbili kasorobo asubuhi zamu ya usiku ilikuwa imekwisha kukabidhi, na wauguzi wa asubuhi walikuwa wameanza kupita kitanda kwa kitanda wakipima shinikizo la damu. Katika chumba cha kubadilishia nguo, mkunga mmoja wa makamo alikuwa bado ameketi kwenye benchi. Kiatu kimoja alikuwa amekivua. Kingine kilikuwa mguuni, kamba zimelegezwa. Nilipomsalimu na kumwuliza kwa nini hajaondoka, alijibu bila kuinua macho: "Mwili umetoka zamu, dokta, ila kichwa kimebaki wodini." Usiku ule yeye na mwenzake mmoja walikuwa wamezalisha wanawake 11, na mtoto mmoja kati ya waliozaliwa alikawia kulia. Alilia hatimaye, akapelekwa kitengo cha watoto wachanga, na hapo habari zake zikakomea. Simu ya kitengo hicho haikupokelewa, na kazi nyingine zilikuwa zinamngoja mkunga.

Kwa miaka mingi nimewahudumia katika kliniki wafanyakazi wa kada mbalimbali: walimu, madereva, makarani wa benki, walinzi wa usiku, na wengi kuliko wote watumishi wenzangu wa afya. Huja wakilalamikia kichwa, mgongo, tumbo linalowaka moto, usingizi uliopotea au moyo unaokwenda mbio. Tunapima damu, tunapima moyo, na mara nyingi majibu hurudi safi. Ni mpaka nimwulize mtu, "Na kazi yako ikoje siku hizi?" ndipo anaponyamaza kidogo, akatazama pembeni, na kuanza kueleza kilichomleta hasa. Swali hilo halimo katika fomu zetu nyingi. Lingekuwemo, naamini tungeokoa vipimo visivyo vya lazima na fedha za wagonjwa.

Lugha yetu inalifahamu jambo hili na imelipa jina linalofaa. Neno msongo linatokana na kitenzi kusonga, yaani kubana na kugandamiza. Mpishi husonga ugali mpaka ushikane. Abiria husongamana mlangoni mwa daladala. Mtaani husemwa kwa ufupi tu kwamba fulani "ana mawazo", na kila asikiaye huelewa kwamba si mawazo ya kutunga mashairi. Hata hivyo jina hilo lina hila yake. Linatufanya tudhani kwamba tatizo lote limo kichwani mwa aliyebanwa, na kwamba akiacha kuwaza atapona. Kile kinachombana tunakisahau. Ningependa tukitazame, kwa sababu namna ya kukabiliana na msongo wa kila siku kazini hutegemea kwanza kujua unatoka wapi.

Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi mwili unavyojiandaa unapokutana na hatari, ama kwa kupigana ama kwa kukimbia. Ubongo hupeleka ishara kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Adrenalini humwagika katika damu. Moyo huongeza kasi, mishipa ya ngozi na ya tumbo hubana, damu huelekezwa kwenye misuli, na ini hutoa sukari. Dakika chache baadaye hufuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo huendelea kuipandisha sukari hiyo na kutuliza shughuli za kinga ya mwili. Maandalizi haya ni neema. Bila hayo mkunga asingeweza kuruka kutoka kitini saa tisa usiku na katika sekunde chache kuanza kumpa mtoto pumzi kwa mfuko na barakoa. Msongo wa namna hiyo, ukija na kuondoka, haumdhuru mtu mwenye afya.

Shida huanza usipoondoka. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa mtafiti kijana mjini Montreal, Kanada, aliandika barua fupi katika jarida la Nature kuhusu majaribio aliyoyafanya kwa panya. Aliwabana kwa njia tofauti: baridi kali, majeraha, mazoezi ya kupita kiasi, dawa za kudhuru. Njia zilitofautiana, lakini panya walipopasuliwa walikutwa na mambo yaleyale: tezi za juu ya figo zimekuwa kubwa, tezi ya thaimasi inayolea chembe za kinga imesinyaa, na tumbo limefanya vidonda. Binadamu si panya. Vidonda vingi vya tumbo tunavyovitibu leo husababishwa na bakteria wanaoitwa Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu zinazomezwa kiholela, na nitarudi kwenye hizo dawa baadaye. Lakini funzo la Selye limebaki: mwili hujibu mibano mingi kwa njia moja, na njia hiyo ikiachwa wazi mchana na usiku, huanza kumla mwenyewe. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walipochapisha makadirio yao mwaka 2021, walieleza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 peke yake, vifo 745,000 duniani vilihusishwa na saa hizo ndefu.

Kutokana na takwimu hizo mtu anaweza kudhani kwamba msongo ni wingi wa kazi tu, na kwamba mkubwa mwenye mikutano mingi na simu tatu ndiye aliye hatarini kuliko wote. Ndivyo watu wengi walivyodhani huko Uingereza mpaka walipochunguzwa watumishi wa serikali wa London, katika utafiti ulioanza mwaka 1967 na kupewa jina la Whitehall, mtaa wa wizara. Walifuatiliwa wanaume zaidi ya 17,000. Ikaonekana kwamba walioshika nafasi za chini kabisa, kama vile matarishi na mabawabu, walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wakubwa wa ngazi ya juu kabisa. Sigara, shinikizo la damu na lehemu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 ukiongozwa na Michael Marmot na kuwahusisha wanaume na wanawake 10,308, ulichimba zaidi na kukuta kwamba jambo mojawapo lenye uzito ni kiasi cha sauti aliyonayo mtu juu ya kazi yake mwenyewe: je, anaweza kuamua aanze na lipi, apumzike lini, afanye kwa namna gani?

Mwanasosholojia Robert Karasek alikuwa ameshaligusa jambo hilo mwaka 1979, alipotumia takwimu za Uswidi na Marekani kuonyesha kwamba kazi inayochosha roho kuliko zote ni ile yenye madai makubwa na uhuru mdogo wa kuamua. Waliomfuata waliongeza usaidizi wa wenzako; na Johannes Siegrist wa Ujerumani, mwaka 1996, akaongeza uwiano kati ya juhudi na malipo, akihesabu heshima kuwa sehemu ya malipo.

Sasa mtazame mtumishi aliye kwenye dirisha la dawa. Foleni ni ndefu, dawa tatu kati ya tano zilizoandikwa hazipo, na kila mgonjwa anayefika anamkasirikia yeye. Hakuagiza dawa yeye, hakuandika cheti yeye, bajeti haijui. Madai yote yanamwangukia, na uamuzi wote uko kwingine. Jioni akifika nyumbani akiwa mkali kwa watoto, jirani husema ana roho mbaya. Mimi nasema ana kazi iliyopangwa vibaya. Ukimtazama mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani, dereva anayedaiwa hesabu ya siku na tajiri wa gari, au msichana wa kazi za nyumbani anayeitwa hata usiku wa manane, utakuta mchoro ni uleule.

Je, watu hao hukabilianaje na hali hiyo? Jibu la kwanza, karibu la wote, ni kuvumilia. Tumelelewa na methali isemayo kwamba mvumilivu hula mbivu, na sina ugomvi nayo, ila haielezi mvumilivu huyo anakula nini wakati anangoja. Uvumilivu ni silaha nzuri kwa dhiki yenye mwisho unaojulikana. Kwa dhiki isiyo na tarehe ya kwisha, huwa ni njia ya kuahirisha ugonjwa.

Jibu la pili hupatikana katika duka la dawa au baa. Nimewaona wengi wanaomeza diklofenaki karibu kila siku kwa ajili ya kichwa na mgongo vinavyouma kwa sababu ya kazi. Dawa hiyo ikitumiwa hivyo huchubua tumbo, hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, na kumwongezea mtu ugonjwa wa kweli juu ya ule aliokuwa nao. Pombe inamletea mtu usingizi haraka, lakini hukatakata nusu ya pili ya usingizi huo, na anayeitumia kama dawa huamka saa tisa usiku akiwa mkavu wa koo na mwenye mawazo zaidi. Sisi wa afya tuna jaribu letu la pekee, kwa kuwa vidonge vya usingizi viko karibu nasi. Si jambo la kulisema kwa sauti katika korido, kwa hiyo nalisema hapa: anayeona kwamba hawezi kulala bila kidonge alichokichukua kabatini anahitaji mwenzake wa kumtibu, na anastahili kutibiwa kwa siri na heshima ileile anayompa mgonjwa wake.

Jibu la tatu ni gumu kulitambua, kwa sababu linafanana na utaratibu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa saikolojia aitwaye Isabel Menzies aliitwa kuchunguza matatizo ya wauguzi katika hospitali moja ya mafunzo ya London, ambako takriban theluthi moja ya wanafunzi wa uuguzi walikuwa wanaacha masomo. Alikuta kwamba hospitali ilikuwa imejijengea, bila mtu yeyote kukusudia, mfumo wa kuwakinga wauguzi na uchungu wa kuwa karibu na mateso. Kazi ziligawanywa vipandevipande ili muuguzi asikae na mgonjwa mmoja. Mgonjwa hakuitwa kwa jina. Aliitwa ini la kitanda cha 10 au nimonia ya kitanda cha 15. Ukuta huo ulipunguza uchungu kidogo, lakini uliiondoa pia furaha iliyowaleta vijana wale katika uuguzi, na Menzies aliona kwamba miongoni mwa walioondoka walikuwamo wengi wenye uwezo mkubwa. Nilipoisoma taarifa yake kwa mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaona aibu. Asubuhi ileile nilikuwa nimesema kwenye raundi, "Twende kwa lile kovu la upasuaji pale dirishani."

Nina aibu nyingine ya zamani zaidi. Nilipokuwa daktari kijana katika hospitali ya wilaya, nilimfokea mzee mmoja mbele ya foleni nzima kwa kupoteza kadi yake ya kliniki. Maneno niliyomwambia sitayarudia. Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo umekula?" Ilikuwa saa kumi jioni. Nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu alfajiri, na usiku uliotangulia nilikuwa zamu. Nilinyanyuka, nikaenda nyuma ya jengo, nikakaa chini ya mwembe kama dakika kumi. Niliporudi nilimwomba radhi. Yule mzee alikuwa ameona katika sekunde chache jambo ambalo mimi, niliyesomea mwili wa binadamu, nilikuwa siwezi kuliona katika mwili wangu.

Kwa hiyo naanza na mambo madogo bila kuyaonea haya. Kula kabla ya njaa kugeuka hasira. Kunywa maji, kwenda haja unapobanwa, jambo ambalo wauguzi wengi huliahirisha kwa saa kadhaa na kulipia kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Kahawa iwe mwanzoni mwa zamu ya usiku, kwa kuwa baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini, na atakayekunywa alfajiri ataitafuta asubuhi nzima pembe ya usingizi asiipate. Pumzi nayo ni dawa isiyohitaji bajeti: moyo hupunguza mwendo mtu anapotoa pumzi, hivyo ukiitoa polepole, ndefu kuliko unavyoivuta, mara sita au saba mfululizo, mapigo hushuka kidogo na mikono hutulia. Inafanyika hata ukiwa umesimama mbele ya mlango wa wodi, na hakuna atakayejua.

Lakini mambo hayo humhudumia mtu mmoja kwa dakika kumi. Kilichobadilisha wodi niliyoianza nayo makala haya kilikuwa kitu kingine, na sikukibuni mimi. Muuguzi kiongozi, mama mmoja mfupi wa maneno, aliweka mezani daftari la shule la kurasa 96. Kila anayemaliza zamu, baada ya makabidhiano ya kawaida, aliandika humo jambo moja au mawili yaliyobaki kichwani mwake: damu iliyoombwa ambayo haijafika, mama ambaye hajaambiwa majibu, mtoto aliyepelekwa kitengo kingine. Anayeingia zamu alisaini kwamba amelipokea jambo hilo, na baadaye akaandika limeishaje. Basi.

Kuna sababu ya kitaalamu kwa nini daftari kama hilo husaidia. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, mwanasaikolojia aliyekuwa Berlin, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukumbuka zaidi kazi iliyokatizwa kuliko iliyokamilika; majaribio ya baadaye hayakukubaliana yote naye, lakini kila aliyewahi kuzuiliwa usingizi na barua asiyoijibu anajua alichokuwa anakieleza. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2011 walikuta kwamba mawazo ya jambo lisilokwisha hupungua mtu akishaliwekea mpango, hata kabla jambo lenyewe halijakamilika. Naye Sabine Sonnentag wa Ujerumani amechunguza kwa miaka mingi namna wafanyakazi wanavyotoka kazini kiakili, si kwa miguu tu. Wanaofaulu kuiacha kazi kazini jioni huripoti uchovu mdogo na hali njema zaidi. Ugumu ni kwamba kadiri kazi inavyobana ndivyo inavyokuwa vigumu kuiacha, kwa hiyo haitoshi kumwambia mtu "usiwaze". Inabidi awe na pa kuyaweka mawazo hayo, na awe na hakika kwamba yupo aliyeyapokea.

Jambo la pili alilofanya mama yule lilihusu ratiba ya zamu. Zamani ilibandikwa jioni ya siku ya mwisho wa mwezi, na watu waliisoma kama matokeo ya mtihani. Akaanza kuitoa wiki mbili mapema, akawaruhusu kubadilishana wao kwa wao mradi kila zamu ina mkunga mwenye uzoefu. Idadi ya zamu haikupungua hata moja. Kilichoongezeka ni uwezo wa mtu kujua kwamba Jumapili ya tatu atakuwapo kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake. Ukikumbuka matarishi wa London utaelewa kwa nini jambo dogo hivyo linaweza kushusha bega la mtu.

Na baada ya usiku mbaya, kwa mfano mama akifariki mikononi mwa wahudumu, yeye huwakalisha, huwapa chai, humwuliza kila mmoja anahitaji nini na atafikaje nyumbani. Hamlazimishi mtu kusimulia. Yuko sahihi kuliko anavyojua: tathmini za tafiti zimeonyesha kwamba kumlazimisha mtu kueleza tukio zima katika kikao kimoja mara baada ya msiba hakumkingi na madhara ya baadaye, na wengine huwazidishia. Anayetaka kusema asikilizwe. Anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze, ila asiachwe peke yake.

Kwa wafanyakazi wasio na muuguzi kiongozi wa namna hiyo, mfano wa kuangaliwa uko Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda na wenzake waliweka mabenchi nje ya vituo vya afya vya Harare, wakawafundisha wahudumu wa jamii, wengi wao wakiwa bibi wa mtaani, kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ndugu wa karibu kabisa wa "mawazo" yetu. Bibi hamshauri mtu avumilie. Anamwomba ayataje matatizo yake yote, achague moja, kisha watafute pamoja hatua ndogo inayowezekana juma lijalo. Jaribio la kitaalamu lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 573, lilionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Benchi linaweza kuwa popote, hata chini ya mwembe nyuma ya jengo. La muhimu ni kulichagua tatizo moja. Mtu anayesema "kazi imenishinda" hajui aanzie wapi. Anayesema "naogopa zamu za Jumanne kwa sababu huwa niko peke yangu" ameshapata la kumwambia msimamizi wake.

Naye msimamizi ana wajibu ambao si hisani. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa tisa kwa siku. Saa za ziada ni kwa makubaliano, na hazizidi 50 katika wiki nne. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine ziwepo saa 12 za kupumzika, kwa wiki saa 24 mfululizo, na likizo ya mwaka ni siku 28. Watumishi wa umma wana pia kanuni zao. Sheria hiyo inaruhusu mtu kutakiwa afanye kazi wakati wa mapumziko iwapo kazi haiwezi kuachwa bila mwangalizi wala kufanywa na mwingine, na katika wodi yenye muuguzi mmoja kifungu hicho hutumika kila siku ya Mungu. Hapo ndipo ushauri wa kuvuta pumzi unapofika mwisho wa uwezo wake. Muuguzi mmoja kwa wagonjwa 40 hatapona msongo kwa mazoezi ya pumzi. Atapona akiletewa muuguzi wa pili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili kazini, uliotolewa mwaka 2022, nao unaanza na kubadilisha mazingira ya kazi na kuwafundisha mameneja, kisha ndipo unamgeukia mfanyakazi mmoja mmoja.

Wagonjwa wanaosoma hapa wanaweza kuuliza wao wanaingiaje. Wanaingia mara mbili. Kwanza, wengi wao ni wafanyakazi. Ndugu msomaji, ukija kliniki na kichwa kisichokwisha, tueleze saa zako za kazi, nani anakuamuru, unalala saa ngapi. Si umbea, ni sehemu ya historia ya ugonjwa. Pili, foleni na dirisha la dawa ni mahali ambapo watu wawili wasio na uamuzi hukutana na kukasirikiana. Mgonjwa asiyejua atasubiri saa ngapi yuko katika hali ileile ya mtumishi asiyejua dawa italetwa lini. Nimeona vituo ambavyo hubandika asubuhi karatasi yenye orodha ya dawa zisizokuwapo siku hiyo. Kelele hupungua pande zote mbili, kwa gharama ya karatasi moja.

Kuna mpaka ambao msongo ukiuvuka huhitaji tabibu. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wa magonjwa uliopitishwa mwaka 2019, linautaja uchakavu wa kazini kuwa hali inayotokana na kazi, si ugonjwa, wenye sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kujiona huna tija. Mtu mwenye hali hiyo mara nyingi hupata nafuu akiwa likizo. Lakini huzuni isiyobanduka kwa wiki mbili au zaidi, hata siku za mapumziko, kutofurahia tena chochote, kubadilika kwa usingizi na hamu ya kula, na kujiona huna thamani ni dalili za sonona, na sonona inatibika. Wazo la kujidhuru likija, usilale nalo: mwambie mtu usiku huohuo, na uende au upelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Watumishi wa afya huchelewa kuliko wengine, kwa kuogopa kuonekana na wenzao kwenye kliniki ya akili. Anayeogopa hivyo aende hospitali nyingine; hakuna anayepaswa kulaumiwa kwa hilo.

Mkunga wa kiatu kimoja bado yuko wodini kwake. Nilikutana naye tena juzi, saa moja na nusu asubuhi, akiandika kwenye daftari, ambalo sasa ni la nne. Aliandika mistari miwili, akamsogezea mwenzake, akamwonyesha kwa kidole, akamtaja mama mmoja kwa jina lake kamili na jina la mtoto wake. Mwenzake akasaini. Nilipotoka mapokezi nilimwona ng'ambo ya barabara akinunua chapati, viatu vyote viwili miguuni, akibishana na muuzaji kuhusu chenji.